Nusu ya Sabini na Saba

Nusu ya 77 ni 38 na nusu. Nilifundisha hisabati Unguja kwa miaka kumi na miwili, na sikuwahi kumpa vema mwanafunzi aliyeandika 39. Hapa Ubelgiji, 39 lilikuwa jibu sahihi. Katika msimu wa 2021-22 klabu ya Royale Union Saint-Gilloise, yenye jina la mtaa ninaoishi mjini Brussels, ilimaliza mechi 34 za ligi ikiwa kileleni na pointi 77. Ndiyo kwanza ilikuwa imerejea daraja la juu baada ya kuwa nje kwa miaka 48. Mechi hizo zilipokwisha, pointi zake zilikatwa nusu, kile kipande kilichobaki kikazibwa ili hesabu iwe kamili, nayo ikaambiwa ianze upya na 39. Club Brugge, waliokuwa wa pili kwa pointi 72, wakaanza na 36. Pengo la pointi tano, lililojengwa kwa miezi mingi ya mvua na baridi, likawa pengo la pointi tatu, yaani ushindi mmoja tu. Wiki chache baadaye bingwa alikuwa Club Brugge.

Utaratibu huu Wabelgiji waliuanza msimu wa 2009-10. Kwa kawaida klabu 16 hukutana nyumbani na ugenini, kama zinavyofanya klabu 16 za Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Kwetu, mechi ya 30 ikimalizika, mwenye pointi nyingi huvishwa medali na watu hurudi makwao. Hapa mechi ya 30 ni kituo cha njiani. Klabu za juu, sita kwa kawaida na nne katika misimu michache, hutengwa, hukatwa pointi nusu, kisha hucheza zenyewe kwa zenyewe, nyumbani na ugenini. Ndiyo hatua ya mchujo. Kuna hata kanuni ya ile nusu iliyoongezwa: timu mbili zikilingana mwishoni, iliyozibiwa huvuliwa nusu yake kwanza. Sababu za utaratibu wenyewe hazikufichwa. Mechi nyingi zaidi za wakubwa kwa wakubwa huuzika vizuri kwa televisheni, na ligi ambayo bingwa wake hajulikani hadi Mei huwafanya watu waendelee kukata tiketi.

Kiswahili kinazo methali mbili ambazo, zikiwekwa upande kwa upande, zinabeba ugomvi wote huu. Moja husema haba na haba hujaza kibaba. Hiyo ndiyo ligi: sare ya Novemba kwenye uwanja wa matope ina thamani yake, na bao la dakika ya mwisho dhidi ya timu ya mkiani lina uzito uleule wa bao dhidi ya mpinzani mkubwa. Nyingine husema kutangulia si kufika. Hiyo ndiyo hoja ya mchujo. Wazee wetu walizitumia zote mbili bila kuona mgongano, kwa kuwa walijua kila moja ina mahali pake. Shida huanza pale mtu anapozichanganya katika shindano moja: anakuambia ujaze kibaba kwa mwaka mzima, kisha anakimwaga nusu ili akupime kama umefika.

Si kwamba mchujo ni kitu kibaya popote ulipo. Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mzee wa Bukavu, ambaye huniita Mama Mwalimu kwa heshima ya kwao, na ndiye aliyenifundisha kuutazama kwa jicho jingine. Kongo, aliniambia, haiwezi kuwa na ligi kama ya Ubelgiji. Kutoka Lubumbashi kwa TP Mazembe hadi Kinshasa kwa Vita Club ni safari ya ndege, na klabu ya Bukavu kama OC Muungano ikitakiwa kusafiri kila wiki mbili nchi nzima itafilisika kabla ya Krismasi. Kwa hiyo timu hugawanywa kwa kanda, mashariki na magharibi, kisha bora wa kila upande hukutanishwa kuamua bingwa. “Nchi ni kubwa, barabara hakuna, mutafanya je?” aliuliza, na sikuwa na la kumjibu. Pale mchujo si mapambo ya televisheni. Ni daraja juu ya mto ambao haukuvukika kwa njia nyingine.

Sisi wenyewe tulikuwa na daraja la namna hiyo. Zanzibar na Bara zina ligi mbili mbali mbali, na kwa miaka mingi bingwa wa nchi nzima alipatikana katika Ligi ya Muungano, iliyokutanisha klabu bora za pande zote mbili za bahari. Malindi ya Unguja ilitwaa ubingwa huo mwaka 1989 na tena 1992, na kwetu sisi tuliokuwa watoto Mjini wakati ule, hapakuwa na haja ya ramani kutuonyesha ukubwa wa jambo hilo. Hakuna aliyesema Malindi wamempora mtu kitu, maana Simba na Yanga hawakuwa wamekutana nao katika ligi yoyote kabla ya hapo. Mechi zile ndizo zilizokuwa kipimo cha kwanza na cha pekee.

Kwa sababu hiyohiyo nawaelewa Wamarekani na mpira wao wa vyuo vikuu, ule wa kubebwa mikononi. Daraja lao la juu lina timu zaidi ya 130, na kila moja hucheza kama mechi 12 tu kwa msimu. Haiwezekani kabisa wote wakutane. Kwa miongo mingi bingwa alitajwa kwa kura za waandishi na makocha, huku msimu ukifungwa kwa mechi za sikukuu ambazo huitwa kwa jina la bakuli, kutokana na umbo la viwanja vyake. Kongwe kuliko zote, Rose Bowl, ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1902. Watu walibishana miaka na miaka kama waanzishe mchujo, na wakiuanzisha, mabakuli yale ya zamani yaende wapi. Msimu wa 2014 walianza na timu nne, na kufikia 2024 zikawa 12, robo fainali na nusu fainali zikichezwa ndani ya yale mabakuli ya kale. Matokeo ya mwaka huo wa kwanza yanafaa kukumbukwa. Oregon hawakuwa wamefungwa na yeyote, na mnamo Oktoba walikuwa wamewashinda Ohio State. Tarehe 1 Januari 2025 wakakutana tena katika Rose Bowl, Oregon wakalala 41-21, na Ohio State wakaenda hadi kutwaa ubingwa. Hata pale ambapo mchujo ni wa lazima, huwa na bei, na bei hiyo hulipwa na yule aliyefanya vizuri mapema.

Nina sababu yangu ya kuusikia uchungu wa pointi zinazokatwa. Nilipofika nchi hii nilipeleka vyeti vyangu katika ofisi moja ili vilinganishwe na vya hapa. Baada ya miezi nilipokea barua ya kurasa mbili, ya adabu sana. Shahada yangu ilihesabiwa kuwa sawa na ngazi ya chini yake, na miaka kumi na miwili ya kusimama mbele ya ubao haikutajwa mahali popote. Nusu ya kumi na mbili ni sita kamili, haina hata kipande cha kuzibwa. Sita hiyo nayo sikupewa. Nilifagia ofisi za watu usiku kwa miaka mitatu, nikajifunza Kifaransa mchana, nikarudi chuoni pamoja na vijana ambao ningeweza kuwa nimewafundisha. Leo nafundisha tena, kwa cheti cha hapa. Simdai mtu. Ila tangu siku ile, kila ninaposikia kwamba kazi halali ya mtu imepunguzwa ili mambo yawe na msisimko zaidi, au ili mafaili yakae sawa, masikio yangu husimama.

Mwanangu hakubaliani nami, na hoja yake si ya kitoto. Alikuja hapa akiwa na umri wa miaka kumi na tatu, akawekwa katika darasa la wageni wasiojua lugha, huku wenzake wa rika lake wakiwa mbele yake kwa kila somo. Ni mshabiki wa Union kuliko mimi. Jioni moja, tukibishana kuhusu mchujo huku nikikuna nazi, aliniambia: “Mama, wewe unamtetea aliyetangulia kwa sababu ulikuwa umetangulia. Mimi nilikuja mechi kumi zimeshachezwa. Kama kila kitu kingehesabiwa tangu mwanzo, ningelifika lini?”

Nilinyamaza kwa muda. Ukweli wa maneno yake ulikuwa mezani, kati yetu. Mhamiaji ni mtu aliyeingia uwanjani katikati ya msimu, na dunia isiyotoa nafasi ya pili ni dunia iliyomfungia mlango. Mtu wa namna yetu atawezaje kuipigia debe sheria inayosema kwamba aliyeanza vizuri amekwisha kushinda?

Lakini kadiri nilivyoitafakari hoja hiyo, ndivyo nilivyoona kwamba mchujo wa Ubelgiji haukuwa na huruma anayodhani unayo. Mlango wake wa ubingwa hauwafungulii waliochelewa. Klabu ya kumi na mbili haiingii katika mbio hizo. Wanaonufaika ni wale walio karibu na kileleni, na aghalabu ni wenye wachezaji wengi na fedha nyingi, wanaoweza kulegea wakati wa baridi na kukaza mwendo wa machipuko. Mwaka 2024 Union walimaliza awamu ya kwanza na pointi 70, Club Brugge wakiwa wa nne na pointi 51. Pengo la pointi 19 likashushwa hadi tisa, na Club Brugge, tajiri wa ligi, akawa bingwa tena. Hiyo si nafasi ya pili kwa mnyonge. Na jambo jingine nililomwambia mwanangu ni hili: hakuna mwanafunzi hata mmoja wa shule yake aliyepunguziwa alama ili yeye amfikie. Alipewa darasa lake, walimu wake na mwaka wake, kisha akaingia pamoja na wengine. Mlango mwingine ulifunguliwa, wala ule wa kwanza haukuvunjwa.

Mpira wa miguu unao mlango huo mwingine tangu zamani, na unaitwa kombe. Ndani ya kombe hakuna anayekuja na akiba. Kila mtu huanza na sifuri, na siku moja njema inatosha. Nyumbani tunalo Kombe la Mapinduzi, linalochezwa kila Januari kukumbuka Mapinduzi ya 1964. Ndilo bakuli letu la sikukuu, lenye mahali pake na siku zake. Mwaka 2023 lilichukuliwa na Mlandege ya Unguja, na mwaka 2024 Mlandege wakalichukua tena kwa kuwafunga Simba 1-0 katika fainali. Hakuna aliyedai kwamba Mlandege ni bora kuliko Simba kwa mwaka mzima. Hakuna pia aliyethubutu kuwaambia watu wa Mlandege kwamba kombe lao si kitu. Lilipima ushujaa wa siku chache, likauita kwa jina lake.

Union wenyewe walilipata funzo hilo katika machipuko yaleyale ya 2024. Ubingwa ukiwa unawaponyoka pointi kwa pointi, walicheza fainali ya Kombe la Ubelgiji dhidi ya Antwerp, wakashinda 1-0. Mara ya mwisho kulitwaa ilikuwa mwaka 1914. Watu wazima walilia barabarani, na hakukuwa na mtu upande wa Antwerp aliyesema wameibiwa, kwa kuwa walikuwa wameshindwa uwanjani katika mechi ambayo tangu mwanzo kila mmoja alijua ndiyo itakayoamua.

Watanzania wengi waliijua ligi hii kwa jina la Mbwana Samatta. Alikuja Genk mwanzoni mwa 2016 akitoka TP Mazembe, na msimu wa 2018-19 alifunga mabao zaidi ya 20 na kupata Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo mwenye asili ya Afrika. Genk waliongoza kwa pointi 63 dhidi ya 56 za Club Brugge. Zikakatwa zikawa 32 na 28, lakini wakashikilia hadi mwisho. Hivyo wengi wetu kule nyumbani hatukuuona ukali wa kisu. Tuliuona tarehe 4 Juni 2023, Samatta akiwa amerudi Genk kwa mkopo. Genk na Union walikuwa wamelingana kileleni mwa awamu ya kwanza. Siku ya mwisho ubingwa ulizunguka baina ya timu tatu kama karata. Union walikuwa wakiongoza nyumbani kwao, kisha Club Brugge wakawafunga mabao matatu dakika za mwisho. Genk wakawa mabingwa kwa muda wa kupumua mara chache, hadi dakika ya 94, ambapo Toby Alderweireld aliisawazishia Antwerp na kuipa ubingwa wa kwanza tangu 1957. Nikiri kwamba sijaona mchezo wa kusisimua kuliko ule. Anayeutetea mchujo anaweza kuitaja siku hiyo peke yake na kukaa kimya.

Ila tuitazame orodha. Mwaka 2022 Union waliongoza, bingwa akawa Club Brugge. Mwaka 2023 Genk waliongoza, bingwa akawa Antwerp. Mwaka 2024 Union tena, na Club Brugge tena. Mwaka 2025 Genk waliongoza kwa pointi 68, wakiwazidi Union kwa 13. Zilipokatwa, pengo likawa sita. Miaka minne mfululizo, aliyekuwa wa kwanza baada ya kila timu kukutana na kila timu hakuwa bingwa. Na katika mwaka huo wa nne, kisu kilitukata upande wetu kwa namna nyingine: Union hawakupoteza hata mechi moja ya mchujo, na tarehe 25 Mei 2025 waliwafunga Gent 3-1 wakawa mabingwa, kwa mara ya kwanza tangu 1935. Miaka tisini. Uwanja wa Joseph Marien, wenye ukuta wake mzuri wa mbele na usioweza kuchukua hata watu 10,000, ulifurika, na umati ulishuka kupitia bustani ya Duden hadi Saint-Gilles. Mzee wa Bukavu alitoka na filimbi. Mwanangu alirudi asubuhi akiwa amepoteza sauti na kiatu kimoja.

Niliufurahia ubingwa ule na siurudishi. Ulipatikana kwa sheria iliyojulikana kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, na waliocheza vile kwa mechi kumi wanastahili kila walichopewa. Shuleni, hata hivyo, ninafanya kazi na mwenzangu wa kutoka Limburg, mshabiki wa Genk tangu utotoni. Jumatatu ile alinipa mkono, akaniambia: “Hongera. Mmekuwa mabingwa. Sisi tulikuwa wa kwanza.” Hakusema kwa hasira. Sentensi zake zote mbili zilikuwa za kweli, na hapo ndipo nilipoiona kasoro bila kivuli cha ushabiki. Ligi ambayo kila timu imekutana na kila timu haipaswi kuacha nyuma yake bingwa mmoja na wa kwanza mwingine. Kombe linaweza kumpa taji asiyekuwa wa kwanza, maana halikuahidi kutafuta wa kwanza. Ligi iliahidi.

Mwaka huohuo wa 2025 klabu za Ubelgiji zilipiga kura kurudi kwenye ligi ya timu 18, za kukutana nyumbani na ugenini bila mchujo na bila kukata pointi, kuanzia msimu wa 2026-27. Wapo wanaosema ligi itapoa, na huenda wakawa na haki: mwenye timu nzuri anaweza kumaliza kazi mwezi wa Machi na kuwaacha wengine wakicheza kwa kutimiza ratiba. Mimi nadhani ubaridi huo ni bei ndogo. Mkulima aliyepalilia mapema hatulalamiki kwamba mavuno yake yamekosa msisimko. Na anayetaka siku ya roho mkononi hajanyimwa. Kongo watabaki na mchujo wao hadi barabara zijengwe, Wamarekani watabaki na mabakuli yao, Unguja itabaki na Januari yake, na Ubelgiji inalo Kombe, ambalo fainali yake huchezwa machipuko mjini humuhumu Brussels. Mwanangu bado ananung’unika kwamba Mei zitakuwa tupu. Nimemwambia kwamba bingwa akijulikana mapema, tutapata nafasi ya kwenda kutazama fainali ya Kombe kwa utulivu, na kwamba safari hii tiketi nanunua mimi.